Mrushaji Aliyekataa Kusajiliwa

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mzee Lorne Dudek, msaka vipaji wa timu, amesimama mbele ya kofia. Mkono wa kulia ana mbegu ya alizeti, mkono wa kushoto ana ganda tupu. Mbegu ni ndiyo, ganda ni hapana. Hivyo ndivyo Wapakuzi wa Buffalo, timu ya besiboli, wanavyopiga kura za usajili tangu enzi za babu zao, na hajazaliwa mtu wa kuwaletea karatasi.

Kura zilikuwa tatu kwa tatu. Ya saba ilikuwa yake. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Ninyi mlioniandikia wiki nzima mkiapa kwamba aliyeingia ni polisi, poleni. Na yule bibi aliyesema ni mzimu wa marehemu mke wa Mzee Dudek, pole zaidi, ingawa hukukosea mbali sana.

Aliyeingia alikuwa Coy Bordelon. Mwenyewe. Yule yule anayepigiwa kura!

Ilikuwa kama bibi harusi kukatiza katikati ya wazee wanaojadili mahari yake. Katika besiboli, mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba na hana timu, haji kwenye kikao kinachompima. Anakaa kwao anatafuna kucha. Kuna wakala anayelipwa ili aseme uongo kwa niaba yake.

"Coy!" Peg Haldane, meneja mkuu, alishtuka hadi kahawa ikamwagikia shati. "Umepotea njia?"

"Hapana, bosi." Coy alikuwa na theluji mabegani na kichwa chake karibu kiguse kizingiti cha juu. "Sikai. Nina neno moja tu."

"Liseme."

"Msinisajili."

Watu saba mezani wakageuza shingo.

Wa kwanza kupata pumzi alikuwa Achterberg, bwana tarakimu wa timu, kijana mwenye miwani asiyejua kufunga kompyuta yake.

"Ujanja huo!" akapayuka. "Wakala wake kamtuma. Wanataka tupandishe dau."

"Achterberg," Peg akasema bila kumtazama, "wewe mtu akikusalimia unatafuta wastani wa salamu."

"Lakini bosi, tarakimu hazidanganyi. Mpira wake bado unakwenda maili tisini na nne kwa saa. Unazunguka vile vile kama zamani. Msimu uliopita mipira yake ilipigwa kwa bahati mbaya tu. Huyu ni dhahabu iliyoangukia matopeni!"

Peg akamgeukia Coy. "Umesikia? Wewe ni dhahabu. Nina warushaji wawili wa kuanza mechi. Mmoja kiwiko chake kina nyuzi nyingi kuliko shuka la hospitali. Wa pili ana miaka kumi na tisa na anaogopa ndege. Nimebakiwa na kuchagua moja kati ya mawili, ninunue mrushaji huru au nife kwa heshima. Na wewe unaniambia nisikununue?"

"Ndiyo, bosi."

"Kwa nini?"

"Sababu ni yangu."

"Basi si sababu. Mzee Dudek! Mtu wako huyu. Sema kitu."

Wote wakageuka.

Hapa nimvute pembeni msomaji aliyekosa sehemu zilizopita, maana najua upo na unaona aibu kuuliza.

Mzee Dudek ndiye aliyemgundua Coy miaka kumi na minne iliyopita, kwenye uwanja wa matope huko Louisiana. Akamleta Buffalo. Kijana akalala chumba cha juu nyumbani kwa akina Dudek misimu miwili, akila pierogi za Bernadine mke wa Mzee, vile vijisambusa vya viazi vya kuchemsha, mpaka mama wa watu akambandika jina la Mdomo wa Tatu. Hawakuwa na mtoto. Huyo ndiye alikuwa.

Bernadine alifariki mwezi wa tano. Kabla ya kufa aliwachagua mwenyewe wanaume sita wa kumbeba, kwa majina, kila mtu na nafasi yake kwenye jeneza. Watano walifika. Wa sita, Coy, hakuonekana, wala hakupiga simu. Jirani mmoja aliyekuja kuleta keki ndiye aliyeishia kubeba maiti.

Mji mzima unajua. Kwa hiyo Mzee akiweka ganda, watasema analipiza kisasi. Akiweka mbegu, watasema uzee umemlainisha.

Na ukweli? Ukweli ni kwamba Mzee Dudek hakuwa na lolote. Alijaribu kumchukia Coy. Jumapili moja alikaa kitini kuanzia asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka, anajaribu. Haikuja. Hasira haikuja, machozi hayakuja, hata njaa haikuja. Tangu Mei alikuwa kama nyumba ambayo watu wamehama wakasahau kuzima taa.

Mchana wa siku hii ya kura waliletewa mikate ya chumvi yenye nyama ya ng'ombe, na ule mzizi mweupe wa kusaga unaopanda puani na kumliza dereva wa lori. Achterberg alilia. Peg alilia. Mzee Dudek alikula wote, macho makavu, akapangusa mdomo. Chungwa lake hata hakulimenya, alilitia tu mfukoni mwa koti. Kumenya kungehitaji kulitaka.

Huyo ndiye waliyekuwa wakimngoja aseme.

"Twende chini," akamwambia Coy.

"Mzee, sikuja kurusha."

"Sikukuuliza umekuja kufanya nini."

Peg akatazama saa ya ukutani. "Saa kumi kamili wakala wake anapiga simu. Nisipompa jibu, anampeleka kwa Nyati wa Omaha, na wale wana kalamu mkononi. Mna dakika arobaini."

Achterberg alikuwa ameshakamata mashine yake ya kupimia kasi.

*

Chini ya viti vya uwanja kuna chumba kirefu kama shimo la treni, chenye nyasi za plastiki na mabomba ya joto yanayogugumia. Mzee Dudek alivaa glavu yake ya udakaji, kuukuu hivyo hivyo, akachuchumaa nyuma ya bamba, pale mpigaji wa timu pinzani anaposimama na gongo. Magoti yakalia ko, ko.

"Magoti yako yanapiga ngoma, Mzee," Coy akasema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumtania tangu Mei.

"Yanakushangilia. Rusha."

Mdakaji huzungumza na mrushaji kwa vidole. Kimoja, mpira wa moja kwa moja. Viwili, mpira wa kupinda. Mzee akateremsha kimoja.

Pah!

"Tisini na nne!" Achterberg akapiga kelele.

Kimoja tena. Pah!

"Tisini na tano! Mama yangu! Na huyu ndiye asajiliwe na Omaha?" Achterberg alikuwa anacheza kwa mguu mmoja. "Mzee, weka mbegu! Weka mfuko mzima!"

Hata wewe msomaji ungeweka. Mpira ulikuwa unakuja kama deni la kodi mwisho wa mwezi. Mzee Dudek naye akawaza, sawa, mkono mzima, kijana ana wasiwasi tu, niweke mbegu niende nyumbani nikakae.

Akateremsha viwili.

Na hapo akaona.

Kabla ya kurusha, macho ya Coy yalishuka. Yalishuka kidogo tu, kama mtu anayehakikisha kafunga zipu. Yakatazama ndani ya glavu iliyo mkono wake wa kushoto, yakapanda, mpira ukaja.

Kimoja. Macho yakashuka.

Viwili. Yakashuka, yakakaa.

Mzee hakusema kitu. Akadaka mingine sita, na safari hii hakutazama mpira. Kila mara macho yalishuka. Kwa mpira wa kupinda yalikawia zaidi.

Mrushaji haangalii ndani ya glavu. Anaficha mpira humo, macho yake yako kwa mdakaji, na vidole vinatafuta vyenyewe mshono wa mpira, pale pa kuushikia, kama wewe unavyotafuta swichi ya taa chumbani kwako gizani. Ukimwona mtu anawasha kiberiti ili aione swichi ya nyumbani kwake, jua kuna jambo.

Kumbe ndiyo maana! Msimu mzima wapigaji walikuwa wanamsoma. Akitazama kidogo, unakuja wa moja kwa moja. Akikawia, unapinda. Wapakuzi walikuwa na mashine za kupima mpira kuanzia unapotoka mkononi. Kasi, mzunguko, mpindo, yote hayo walikuwa nayo kwenye kompyuta ya Achterberg. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mtu usoni.

"Achterberg," Mzee akasema akiinuka kwa kujisukuma ukutani, "kaniletee kahawa."

"Sasa? Mzee, mwenyewe ulisema husikii ladha ya kitu siku hizi."

"Niletee hivyo hivyo. Sukari tatu."

"Sukari tatu za nini kama husikii ladha?"

"Nenda, mwanangu!"

Achterberg akaenda, akinung'unika takwimu.

Mzee akamfuata Coy pale aliposimama. Akamnyang'anya glavu, akaitupa chini.

"Mikono nyuma. Funga macho."

"Mzee..."

"Funga."

Coy akafunga. Mzee akazunguka nyuma yake, akamwekea mpira kwenye kiganja cha kulia.

"Nitafutie mshono."

Vidole vikazunguka polepole. Ungeweza kuchemsha chai.

"Nimeupata."

Mzee akatazama. Vidole viwili vilikuwa vimelala juu ya ngozi nyeupe tupu. Mshono ulikuwa upande wa pili kabisa, umekaa zake.

Akautwaa mpira. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akamwekea kitu kingine.

"Haya. Tena."

Vidole vikazunguka. Vikasita. Vikazunguka.

"Huu hapa," Coy akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Huu hapa, Mzee. Nimeupata."

"Fumbua macho."

Coy akaleta mkono mbele. Alikuwa ameshika chungwa.

Akalitazama. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. Kisha kicheko kikakatika, naye akabaki analitazama, kama mtu aliyepewa kitoto cha mtu mwingine akishike na mwenyewe hajarudi.

"Tangu lini?" Mzee akauliza.

"Aprili. Mwanzo vidole vilichomachoma kama sindano. Baadaye hata kuchoma kukakoma."

"Daktari?"

"Nilikwenda kwa wa mbali, nikaandika jina la mjomba wangu. Anasema kuna mshipa wa fahamu hapa chini ya shingo, umebanwa na ubavu wa kwanza. Wanaukata ubavu, unakaa mwaka, unangoja. Unaweza kurudi. Unaweza usirudi."

"Na wakala wako?"

"Vince? Anasema, saini kwanza, ubavu baadaye. Madaktari wa timu watanipiga picha za kiwiko na bega, na kiwiko changu ni cha mtoto mchanga. Hakuna anayemuuliza mrushaji kama anahisi mpira. Ni kama kumuuliza samaki kama analijua maji."

Mabomba yakagugumia.

"Agosti," Coy akaendelea, "yule kijana niliyempiga shavuni kwa mpira. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilirusha nje, mpira ukaenda ndani. Sikujua hata umetoka mkononi saa ngapi. Niliusikia ulipofika, Mzee. Niliusikia kwa masikio."

"Kwa hiyo umekuja kutuambia tusikusajili."

"Siwezi kuwadanganya ninyi."

"Ila saa kumi utasaini Omaha."

Coy akageukia mlango.

"Omaha huko," Mzee akasema, "wapigaji hawana mashavu?"

Coy akalisukuma chungwa mkononi mwa Mzee kama linamchoma. Halikumchoma. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

"Sijui kazi nyingine," akasema. "Ukisema juu kule nilichonacho, Omaha watajua kabla ya chakula cha jioni, na timu zote zitajua kabla ya usingizi. Hakuna atakayenipa hata mpira wa kushika. Nitakuwa mtu mrefu wa Louisiana asiyeweza kufunga vifungo vya shati lake. Nina miaka thelathini na mitatu, Mzee."

Mzee Dudek alijua anapaswa kuona huruma. Akaisubiri, kama unavyosubiri maji ya bomba baada ya kufungua koki. Haikuja. Ikatoka hewa tu.

"Mei," akasema.

"Mzee, naomba..."

"Sikuulizi. Nimesema tu Mei."

Coy akaegemea ukuta. "Kushoto, katikati. Ndiyo nafasi niliyopewa, mkono wa kulia ndio unaobeba. Nilifika, Mzee. Niliegesha gari ng'ambo ya kanisa. Nilikuwa nimevaa suti. Nikashuka, nikafungua buti, nikajaribu kulinyanyua gurudumu la akiba kwa mkono wa kulia. Likaniponyoka. Nikarudia, likaniponyoka. Mara ya tatu likaniangukia kiatuni, nikaona mnamtoa mlangoni." Akautazama mkono wake. "Ningemwangusha. Mbele ya watu wote, ningemwangusha mama."

Miezi saba Mzee alikuwa ametunga majibu ya siku hii. Sasa akayatafuta, yote yalikuwa yamekwisha muda wa matumizi.

"Yule jirani wa keki," akasema mwishowe, "naye nusura amwangushe. Kwenye ngazi."

"Kweli?"

"Aliteleza. Mguu mmoja ukaenda kwa padri."

Hakuna aliyecheka, lakini wote wawili walijua nani angecheka.

"Asingekuweka upande huo," Mzee akasema, "kama angejua."

Macho ya Coy yakashuka. Hakuwa na glavu, wala mpira. Yalishuka tu, yakakaa.

Mzee Dudek aliona. Lakini Achterberg alikuwa amerudi na kahawa ya sukari tatu, na saa ilikuwa kumi kasoro dakika sita.

*

Juu, kofia ilikuwa pale pale. Simu imewekwa katikati ya meza kama mgonjwa.

"Haya?" Peg akauliza.

"Tisini na tano, bosi!" Achterberg akajibu, ingawa hakuulizwa yeye. "Mkono wa simba!"

"Dudek?"

Mzee akatia mikono mifukoni. Mfuko mmoja mbegu na ganda, mfuko wa pili mpira.

Akiweka mbegu akanyamaza, atakuwa amewauzia watu wake mkono uliokufa, na kuna mpigaji mahali fulani, hajui, anaamka Aprili akiwa na shavu zima na kulala bila shavu. Akiweka ganda akanyamaza, Coy anashuka ngazi, anasaini Omaha, na shavu ni lile lile. Akisema ukweli, anamzika kijana akiwa hai, na safari hii hata keki haitaletwa.

Simu ikalia.

Peg akabonyeza ili wote wasikie.

"Peg, malkia wangu!" Ilikuwa sauti ya Vince Sartori, wakala, laini kama siagi iliyosahauliwa juani. "Saa zetu zinasomaje? Hapa kwangu ni kumi kasoro mbili. Omaha wako kwenye laini nyingine, wanapumua kwa nguvu."

"Vince, tunamalizia."

"Malizieni, malizieni. Ila niwaambie, kijana yuko vizuri kuliko wakati wowote. Ule mkono..."

Mzee Dudek akatoa mpira mfukoni.

"Coy," akasema. "Daka."

Akaurusha juu ya meza, taratibu, kwa chini, kama unavyomrushia mtoto anayejifunza kutembea. Akauelekeza katikati ya kifua.

Msomaji, sikiliza vizuri. Mrushaji wa mkono wa kulia hudaka kwa kushoto. Tangu utotoni. Mkono wa kushoto ndio wenye glavu, ndio unaojua. Coy angenyanyua wa kushoto tu, mpira ungekaa, na siri ingekaa.

Alimtazama Mzee. Akanyanyua wa kulia.

Mpira ukagonga vidole. Vidole havikufunga. Ukaanguka mezani, ukadunda, ukaanguka sakafuni, ukaviringika chini ya kiti cha Peg.

Hakuna aliyeinama. Hata Achterberg alifunga kompyuta yake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nini hicho?" Vince akauliza simuni. "Nini kimeanguka?"

Mzee Dudek akainama mwenyewe. Magoti, ko, ko. Akaokota mpira, akaushika. Kwa mkono mwingine akadondosha mbegu ndani ya kofia.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo?" Peg alikuwa bado anatazama mkono wa Coy. "Lorne, umeona nilichoona?"

"Nimekiona kabla yako. Msajili miaka miwili. Mwaka wa kwanza anakatwa ubavu, anakaa, hagusi mpira. Mwaka wa pili anarusha."

"Asiporusha?"

"Basi umekosea ukiwa umefumbua macho. Siku zote mnakosea mkiwa mmefumba."

"Yaani," Achterberg akasema kwa sauti ndogo, "tunasajili mrushaji wa kuanza ambaye haanzi?"

"Omaha wangemwanzisha Aprili," Mzee akamjibu. "Muulize yule wa Agosti shavu linaendeleaje."

Achterberg akachukua mbegu nyingine. Kisha, wallahi, akapeleka mkono kwenye kofia kupiga kura ya pili.

"Kura hairudiwi," Peg akamchapa mkono. "Kila mtu na yake moja. Nne kwa tatu. Imepita." Akamgeukia Coy. "Wewe, unakubali? Mwaka mzima wa kukaa Buffalo, na theluji hii, bila kurusha hata jiwe?"

Coy akavuta kiti, akakaa. Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Peg?" Simu ilikuwa imenyamaza muda wote huo, na sasa siagi ilikuwa imekauka. "Peg, nani hapo ametaja ubavu? Coy? Coy, uko chumba hicho? Nilikwambia nini? Nilikwambia usidake kitu chochote mbele ya watu!"

Watu saba wakatazamana.

"Vince," Peg akasema polepole, "kumbe ulikuwa unajua."

"Sikusema najua."

"Umesema sasa hivi."

"Sikiliza, sikilizeni wote." Vince alikuwa anahema. "Hii siri ilikuwa ya watu watatu. Mimi, Coy, na yule mama wa pierogi. Mimi sijasema. Mama kaenda nayo kaburini. Sasa nani kafungua mdomo?"

"Mama gani?" Peg akauliza.

Mzee alijua ni nani.

Mzee Dudek alikuwa bado ameushika mpira. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya mshono, na akahisi uzi wa kwanza. Kisha wa pili. Uzi mwekundu, mgumu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ukali wake, mpaka akatamani kuuachia mpira na mkono ukakataa.

"Coy," akasema. Sauti haikuwa yake. "Alijua lini?"

Macho ya Coy yakashuka.

"Nitazame mimi. Alijua lini?"

Coy akayanyanyua.

"Kabla hajatuchagua sita wa kumbeba, Mzee."